Video Rulebook ya NBA: dawa ya ubishi wa "katembea!"

Anayefundisha kikapu mtaani anajua watu hawagombani sana kuhusu matokeo. Wanagombania hatua: anayezidisha hatua akiwa ameshika mpira "katembea", na hilo ni kosa. Kijana anaingia kulia, anaudaka mpira, anautupa mguu kushoto, anafunga. Hapo hapo utasikia "Katembea huyo!", na upande wa pili "Mbona Giannis, yule nyota wa NBA, anafanya hivyo hivyo hapigiwi filimbi?"

Nilipochoka kupayuka niliwafungulia vijana wangu Video Rulebook, tovuti ya NBA yenyewe, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani. Ni ya bure. Kila kanuni ina video fupi za mechi za kweli, na chini yake maelezo machache: hili kosa, hili si kosa, na kwa nini.

Sehemu ya kutembea na mpira peke yake inatosha. Inakufundisha kuangalia mkono kabla ya miguu. Mpira ukishikwa kwa mikono miwili, au kiganja kikiingia chini yake ukatulia, kudunda kumekwisha. Mguu uliokuwa sakafuni wakati huo hauhesabiwi. Hatua mbili unazoruhusiwa zinaanzia baada ya hapo. Mashabiki wengi wanaanza kuhesabu mpira ukiwa bado unapanda kutoka chini, ndiyo maana wanaona tatu, hata nne. Irudishe video taratibu, simamisha pale mkono unapoukamata mpira, halafu ndiyo uhesabu. Nusu ya kelele inaisha.

Haiishi yote, maana hata marefa wa NBA hupitwa. Desemba 2018 mchezaji James Harden alirudi nyuma dhidi ya timu ya Utah Jazz akarusha, filimbi kimya, na baadaye marefa wenyewe wakakiri mtandaoni kwamba lilikuwa kosa la kutembea.

Ila angalieni, sisi huku tunacheza kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Ule mguu usiohesabiwa FIBA nao waliukubali kuanzia Oktoba 2017, kwa hiyo kwenye kumalizia mambo yanakaribiana. Vijana wetu wanakamatwa kwenye kuanza kudunda: amesimama, anadanganya kwa mabega, mguu alioegemea unanyanyuka kabla mpira haujatoka mkononi. Hilo ni kosa kwa NBA na ni kosa Dar es Salaam, hata uwe na viatu vya nani.

Kasoro? Maelezo yote ni ya Kiingereza, tena cha kisheria, kwa hiyo kocha lazima akae pembeni akitafsiri. Kwenye simu ndogo ni shida kuona kiganja na kiatu kwa pamoja, na bando linakwenda. Tafuteni kompyuta au TV ya mtu.

Kwa kocha na refa chipukizi, naipa nne kwa tano. Waonyesheni kwanza video za hatua halali, ndizo zinazowashangaza. Na refa wenu azione kabla ya wachezaji, la sivyo Jumamosi kila mtu atamfuata na simu mkononi katikati ya mechi.