Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS: tathmini ya mstaafu baada ya miaka mitatu

Nilistaafu ualimu kwa mujibu wa sheria nikiwa na miaka 60, mwezi Agosti 2022, muda mfupi baada ya kikokotoo kipya cha mafao kuanza kutumika, kwa hiyo mkupuo wangu, yaani fedha inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, ulihesabiwa kwa asilimia 33 na sehemu iliyobaki ninalipwa kama pensheni ya kila mwezi. Kabla fedha hazijatulia kwenye akaunti nilikwisha kushauriwa kununua bajaji mbili, kufuga kuku wa mayai na kumkopesha shemeji. Mwishowe sehemu kubwa niliiweka katika Mfuko wa Hatifungani unaosimamiwa na UTT AMIS, kampuni ya Serikali, na baada ya miaka mitatu nadhani nina haki ya kuusema vizuri na vibaya.

Mfuko huu ulianzishwa mwaka 2019. Fedha za wawekezaji huchangwa pamoja na kuwekezwa zaidi katika hatifungani, yaani dhamana za mkopo zinazolipa riba, na kila mwekezaji humiliki vipande kulingana na alichoweka. Mwenye kutaka mtaji wake ukue tu anaweza kuanza na shilingi 50,000; anayetaka gawio kila baada ya miezi sita anatakiwa kuwa na milioni 5; na anayetaka gawio la kila mwezi, ambalo ndilo lililonivuta, aanze na milioni 10. Ningeweza kununua hatifungani za Serikali moja kwa moja kupitia mnada wa Benki Kuu, lakini riba yake hulipwa mara mbili kwa mwaka, na ile ya miaka 25 ingenirudishia mtaji nikiwa na miaka 85, umri ambao sijaahidiwa na mtu yeyote.

Faida kubwa niliyoiona ni kwamba fedha ya mkupuo, ambayo kwa tabia yake huliwa kama fedha ya mavuno, imegeuka kuwa kitu kinachofanana na mshahara. Tukichukulia kwamba mfuko unagawa asilimia 12 kwa mwaka, milioni 20 humpa mtu 200,000 kila mwezi bila kugusa vipande vyake. Kiasi hicho si kikubwa, ila kinajulikana, na kinachojulikana hupangika. Mke wangu ana daftari la kaunta analoandika kila kinachotoka: LUKU 15,000, unga, mtungi wa gesi, dawa zangu za presha, mchango wa harusi 50,000, rambirambi 20,000. Tulipojumlisha miezi mitatu ya mwanzo tuligundua, kwa aibu kidogo, kwamba michango ilikuwa imezidi chakula. Tangu hapo pensheni ni ya chakula na dawa, gawio ni la umeme, maji na michango, na gawio likiisha kamati ya harusi husubiri mwezi ujao. Zamani nilikuwa naona haya kumwambia mtu hivyo. Sasa namwonyesha daftari.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni kwamba gawio si ahadi iliyowekewa dhamana: hutegemea kile hatifungani zinacholipa, na mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya zile mpya za muda mrefu, ambapo ya miaka 25 ilitoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Ya pili ni ya kimyakimya zaidi. Shilingi 200,000 ya leo itaitwa 200,000 hata baada ya miaka mitano, lakini kilo za mchele itakazonunua zitakuwa zimepungua, na anayekula gawio lote anakula pia kinga yake dhidi ya kupanda kwa bei. Ndiyo maana sehemu ya akiba yangu niliiacha katika mpango wa kukuza mtaji, na siigusi.

Aidha, mfuko huu haufai kuwa fedha ya dharura. Kila kipande unachouza leo kinapunguza gawio la kesho, kwa hiyo kwa ajili ya maradhi niliweka kiasi kidogo katika Mfuko wa Ukwasi wa kampuni hiyohiyo, ambao mwekezaji akiuza vipande hulipwa ndani ya siku tatu za kazi. Hata siku tatu ni nyingi mgonjwa akiwa mapokezi, hivyo nauli na fedha ya kufungulia faili hukaa kwenye simu.

Kwa mstaafu mwenye pensheni na mkupuo wa kutosha natoa nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu ya sharti la milioni 10: wenzangu waliostaafu na madeni ya mikopo hawafiki hapo, na mpango wa gawio ulio ndani ya uwezo wao hulipa mara mbili kwa mwaka, ilhali LUKU huisha kila wiki.