Remote Tourism ya Visiwa vya Faroe: utalii wa kumrusha mwenyeji kwa simu

Aprili 2020, ndege zimelala viwanjani dunia nzima, Visiwa vya Faroe, huko Atlantiki ya Kaskazini, vikaja na huduma hii. Mkazi wa huko alivaa kofia yenye kamera, akatoka nje, na wewe uliye kwako ukawa unamwongoza kwa vitufe kwenye simu: kushoto, kulia, mbele, kimbia, ruka. Kila mgeni alipewa dakika moja, kisha anaingia mwingine. Bure kabisa.

Zamu yangu ilipofika nilibonyeza kuruka kabla hata sijaangalia mandhari. Mtu mzima na akili zake akaruka! Nikabonyeza tena, akaruka tena. Milima na nyumba za paa la nyasi ni nzuri, sikatai, lakini kilichoniteka ni kumsikia akihema huku upepo ukivuma kwenye kipaza sauti. Nilijiona niko ugenini kweli, na mwenyeji ananivumilia.

Ndiyo maana maonyesho mengi ya utamaduni yanayoandaliwa na balozi hayanikolei. Ukumbi, ngoma tatu, hotuba ndefu kuliko ngoma zote, vitafunio, kwaheri. Mgeni hana kazi ila kupiga makofi. Faroe walimpa mgeni kazi.

Na hawa si taifa kubwa: watu elfu hamsini na kitu, visiwa 18, chini ya ufalme wa Denmark ingawa wana serikali yao ya ndani. Mwaka 2016 waliwafunga kondoo kamera mgongoni kwa sababu Street View, ile huduma ya Google ya picha za barabarani, ilikuwa haijafika kwao, na Google wakaja mwaka huohuo. Kondoo! Wangesubiri barua ya wizara wangekuwa wanasubiri hadi leo.

Dakika moja ni fupi mno. Unapozoea vitufe, imekwisha. Pia ningependa kusikia Kifaroe zaidi ya Kiingereza. Kwa lugha walikuwa na Faroe Islands Translate ya 2017: unaandika sentensi, mkazi anajirekodi video akiitamka kwa Kifaroe, wakati ambapo Google Translate haikuwa na lugha hiyo. Iliongezwa 2024. Laiti huduma hizo mbili zingeunganishwa, yule ndugu anaruka huku ananifundisha kuhesabu, ningetoa nyota tano.

Natoa nne.