Pingili za Kiroba zenye lebo ya TOSCI: ninazipa alama za juu

Kila msimu wakulima wenzangu wa huku Pwani huniuliza: kwa nini nitoe hela kununua pingili za muhogo wakati jirani anazigawa bure? Mimi nilinunua pingili za Kiroba, aina mojawapo ya muhogo, zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwa mkulima mzalishaji wa hapa Mkuranga, na nitanunua tena.

Nilichokilipia ni usafi. Michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi wa muhogo, huitambui kwa kushika mti. Shina limenyooka, macho yamejaa, kumbe virusi vimo. Unapanda, shamba linastawi, halafu siku ya kuchimba unakata muhogo unakuta ndani umekauka na kuwa kahawia kama gome. Kwa mzalishaji, mkaguzi hupita shambani mimea ikiwa bado na majani, maana huko ndiko dalili huanza kuonekana.

Ila Kiroba si kinga kamili, na muuzaji anayekuahidi hivyo anakudanganya. Huambukizwa. Majani hupata umanjano kandokando ya mishipa, lakini mizizi huchelewa kuharibika. Kwa batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, wataalamu wana ukinzani uitwao CMD2, uliokaa sehemu moja tu ya vinasaba. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba unatokana na badiliko dogo katika jeni ya kimeng'enya kinachonakili DNA. Michirizi ni ngumu zaidi. Chukua Namikonga, mbegu ya zamani ambayo Kenya inaitwa Kaleso: ukinzani wake umetawanyika kwenye kromosomu kadhaa. Asili yake ni Amani, Tanga, ambako tangu miaka ya 1930 watafiti walikuwa wakichanganya muhogo na mti wa mpira wa jamii yake. Kazi hiyo inaelekea miaka mia na bado haijaisha! Nawaheshimu sana wanaoibeba.

Kwa ladha, Kiroba ni mtamu, unafaa kuchemsha na kukaanga, na wateja wangu wa Mbagala hawajawahi kuurudisha.

Lawama yangu ni moja: mzigo ulifika umekaa juani, na pingili za ncha za juu, zile laini, nyingi hazikuota. Dai za katikati ya shina, ukague kabla hujalipa. Mche wenye dalili ung'oe mapema, nzi weupe wasisambaze ugonjwa, na usiuache muhogo ardhini ukapita mwaka. Oda weka kabla ya vuli; mvua zikishaanza, pingili nzuri zimekwisha.