Kugawa intaneti ya simu: kwa kompyuta moja, nachagua kebo

Nimeigawa data ya simu ya Android kwa Wi-Fi, kwa kebo ya USB na kwa Bluetooth. Bluetooth inatosha barua pepe tu, video usijaribu.

Kebo ndiyo ninayoiamini. Simu inapata chaji huku ikigawa data, na muunganisho hausumbuliwi na Wi-Fi za majirani. Chomeka kwanza, kisha fungua Mipangilio, ingia kwenye mtandao na intaneti, tafuta hotspoti, washa kugawa kwa USB. Kabla hujachomeka, kitufe hicho huwa kimefifia. Kikiendelea kufifia, badilisha kebo: kuna kebo za kuchajia tu, hazina nyaya za kupitisha data.

Wi-Fi inafaa vifaa vikiwa viwili au zaidi, na hapa ndipo usumbufu unapoanzia. Hotspoti ikiwekwa kwenye masafa ya mawimbi ya gigahezi 5 ina kasi nzuri, ila ukuta unaidhoofisha haraka, na kifaa cha zamani chenye gigahezi 2.4 pekee hakitaliona hata jina lake. Usihangaike kubadilisha nywila. Shusha masafa hadi 2.4. Jina likionekana lakini kifaa kinakataliwa, angalia aina ya ulinzi: WPA3, ulinzi mpya wa Wi-Fi, peke yake huvikwamisha vifaa vingi vya zamani, WPA2 iliyoitangulia huvipokea. Hotspoti ikijizima kila mara, zima ile sehemu inayoifunga yenyewe pasipo kifaa kilichounganishwa.

Kinachomaliza bando ni kompyuta yenyewe. Windows ikiona Wi-Fi hudhani data haina mwisho, ikaanza kushusha masasisho makubwa kimyakimya. Fungua mipangilio ya mtandao, bonyeza muunganisho unaotumia, washa alama ya kwamba data yake inapimwa (metered connection). Jambo linalosahaulika: alama hiyo hukaa kwa kila mtandao peke yake. Ukiiweka kwenye Wi-Fi kisha kesho ukatumia kebo, kompyuta inaiona kebo kama Ethaneti (mtandao wa waya), mtandao mwingine kabisa, na masasisho yanaanza tena. Iweke kote kuwili, na usimamishe pia programu zinazopakia picha na mafaili mtandaoni.

Na kama unategemea VPN, programu inayoficha mawasiliano yako ya intaneti, iweke kwenye kompyuta. VPN iliyowashwa kwenye simu ya Android kwa kawaida hailindi vifaa vinavyotumia hotspoti yake.