Praima ya pinki ya Tamiya kwenye Datsun ya Safari: angalia mlango huu!

Watu wangu, karibuni tena, na leo msiondoke kwa sababu nimelipata! Tamiya Fine Surface Primer, praima ya modeli za plastiki, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, kopo la kupuliza la mililita 180, ile ya pinki. Kuosha bodi kwa sabuni ya vyombo, kupiga msasa alama za moldi (kalibu ya kiwandani), hayo mnayajua, tayari nimeyafanya. Twende kazini.

Bodi ni ya modeli ya Datsun 240Z kutoka Hasegawa, kipimo cha 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari la kweli, gari ambalo Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971. Mwaka 1973 240Z ikashinda tena, safari hiyo Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Ile ya Herrmann ni nyekundu, boneti nyeusi, na ndiyo maana nataka pinki. Rangi nyekundu haifuniki vizuri. Ipulize juu ya praima ya kijivu, itapoa na kufifia. Juu ya pinki inawaka.

Sasa nasogeza kamera. Mnauona huu mfereji wa mlango, mstari uliochimbwa kuuzunguka? Unene wa uzi! Kopo limekaa kidogo kwenye maji vuguvugu, narudia, vuguvugu, si ya moto, ili presha ipande na rangi itoke laini. Nalitikisa vizuri. Nakaa sentimita 20 hivi. Naanza kupuliza hewani, napita juu ya bodi, naachia kitufe nikishavuka. Fyuu. Fyuu. Koti la kwanza ni vumbi tu, plastiki bado inaonekana, na muiache ionekane! Nageuza: matao ya magurudumu, chini ya milango, nguzo za kioo. Kona hizi ndizo zinazotoka rangi kwanza msasa ukipita, kwa hiyo zipate mapema. Dakika 10, koti la pili, bado jembamba.

Haya, rudini mlangoni. Mfereji upo! Kishikio kipo, kona zake kali vilevile! Mfuniko wa tenki, ule mduara mdogo kule nyuma, unaonekana wote. Hiki ndicho ninacholipia, jamani. Inashika plastiki bila kuzika kazi ya aliyechonga moldi.

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu praima ya magari ya kweli inayouzwa Kirinyaga Road hapa Nairobi. Ni nzuri, kwa bati. Imetengenezwa kujaza mikwaruzo ya gari la kweli, kwa hiyo ikikutana na mfereji wa 1/24 inaujaza pia. Tena nyingine zina thina kali inayokula plastiki, uso unavimba na kupasuka. Ukilazimika kuitumia, jaribu kwanza kwenye fremu inayobaki baada ya kukata vipande.

Mpinzani wa kweli ni Mr. Surfacer 1500, praima nyingine ya modeli. Namba zake ni kama za msasa, ikipanda ndivyo ilivyo laini. Na hapa niseme wazi: gari likiwa jeusi, au la rangi ya metali, nachukua Mr. Surfacer 1500 nyeusi. Kwa nyekundu, sibanduki hapa.

Bei inauma. Makopo ya gesi hayaruhusiwi kwenye posta ya ndege, kwa hiyo huwezi kuagiza tu mtandaoni yakaja. Unategemea duka lililoleta mzigo kwa meli, nalo linajua kwamba linategemewa. Lakini ukipuliza hivi, kopo moja linatosha bodi kadhaa. Ukilikuta mjini, chukua.

Kabla sijasahau, mfululizo wetu wa magari ya Safari unaendelea. Baada ya Datsun hii tunakuja enzi ya Naivasha, Safari Rally ya miaka ya karibuni, vumbi na matope yote. Jiungeni na chaneli, na mniandikie hapo chini mnataka gari lipi.

Harufu yake ni kali. Mimi napulizia juu ya paa la jengo, mbali na nguo za majirani, na barakoa ya mvuke yenye vichujio, si ya kitambaa. Na Julai hii Nairobi ilivyo na unyevu, msipulize asubuhi. Unyevu ukinaswa ndani ya rangi unaacha weupe. Ngojeni mchana, hewa ikauke.

Hii inalala hadi kesho. Kesho msasa wa 2000 wenye maji, mkono mwepesi, kwenye boneti na paa la gari tu. Kona msiziguse.