TS-1: kichocheo kizuri, lakini pima unga kabla ya kuuamini

Kati ya zeolaiti (fuwele zenye vitundu vidogo mno) zenye titani, TS-1 ndiyo iliyoingia viwandani ikabaki. Taramasso, Perego na Notari waliipatia hataza Marekani mwaka 1983, na sasa hutumika kugeuza propeni kuwa propeni oksaidi, fenoli kuwa katekoli na haidrokwinoni, na saikloheksanoni kuwa oksimu. Kioksidishi ni hidrojeni peroksaidi, ambayo ikimaliza kazi huacha maji tu. Kwa molekuli ndogo, sifa zake ni za haki. Shida ni kwamba mifuko miwili ya unga mweupe inaweza kuwa na titani sawa kwa uzani, mmoja ukafanya kazi na mwingine ukamaliza peroksaidi bure.

Kinachotofautisha ni mahali titani ilipokaa. Kiunzi ni cha aina ya MFI: mifereji ya silika inayokatana, midomo yake ikizungukwa na oksijeni 10, upana nanomita 0.55 hivi. Titani inayofanya kazi imechukua nafasi ya silikoni ndani ya kiunzi, imeshikwa na oksijeni 4. Kwa kuwa ni kubwa kuliko silikoni, kiunzi hakimezi zaidi ya takriban asilimia 2.5 ya nafasi hizo, yaani titani 1 kwa silikoni 39. Inayozidi hubaki nje, na mara nyingi huwa anatasi (fuwele za titani oksaidi), inayovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Kwa hiyo lebo inayojivunia titani nyingi kupita kiwango hicho si ya kushangiliwa.

Kipimo cha kwanza kiwe cha urujuanimno. Kilele kimoja karibu na nanomita 210 ndicho unachokitaka. Bega kati ya 260 na 290 ni titani iliyo nje ya kiunzi, na mwinuko wa 310 hadi 330 ni anatasi. Mstari wa 960 cm⁻¹ kwenye infraredi hautoshi peke yake, maana silika yenye haidroksili nyingi nayo huweza kuutoa. Kudondoshea peroksaidi ukaona unga umegeuka njano kunaonyesha kwamba titani ipo, hakuonyeshi ipo wapi. Na chupa ya majaribio hayo isifungwe kabisa: anatasi ikiwemo, oksijeni itajaa humo.

Kwa gramu chache, kutengeneza mwenyewe kuna faida, japo TPAOH (tetrapropilamonia haidroksaidi, inayoelekeza umbo la mifereji) ni ghali. Chukua TEOS (tetraethili othosilikati, chanzo cha silika) gramu 20.8 na uimimine polepole kwenye gramu 36.6 za TPAOH ya asilimia 20, ukikoroga hadi itulie kuwa kimiminika kimoja. TBOT (titani butoksaidi, chanzo cha titani) gramu 0.68 iyeyushwe kwanza kwenye isopropanoli kavu, ndipo idondoshwe tone kwa tone, chombo kikiwa kwenye barafu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. TBOT hushambuliwa na maji haraka kuliko TEOS. Ukiharakisha, au isopropanoli ikiwa na unyevu, titani hushikana yenyewe kwa yenyewe kabla silika haijaifikia. Ukiona ukungu mweupe usioyeyuka, mwaga uanze upya, kwa sababu otoklevu (chombo cha kupikia kwa shinikizo) haitaurekebisha.

Mchanganyiko ukiwa angavu, upashe hadi nyuzi 80 kuondoa alkoholi, kisha ongeza maji mpaka jumla yake, pamoja na yale ya TPAOH, yawe gramu 63 hivi. Ujaze theluthi mbili ya otoklevu yenye bitana ya tefloni, nyuzi 170 hadi 175, siku 2 au 3. Fuwele ni ndogo mno, hupita kwenye karatasi ya kuchujia, kwa hiyo tumia sentrifuji. Osha, kausha, kisha choma kwa nyuzi 550 penye hewa inayopita, ukipandisha joto nyuzi 1 au 2 kwa dakika. Unga ukitoka wa kijivu, bado una kaboni, urudishe tanurini.

Soma pia lebo ya TPAOH. Sodiamu au potasiamu huzuia titani kuingia kwenye kiunzi, na chupa ya bei rahisi huweza kuharibu kila kitu huku fuwele zikionekana nzuri kabisa kwenye eksirei.

Mipaka yake haifichiki. Hekseni-1 hupita vizuri, saiklohekseni hukwama kwa upana wake. Kwa molekuli kama hiyo, Ti-Beta, zeolaiti nyingine ya titani yenye midomo ya oksijeni 12, inafaa zaidi, ila kama imebaki na alumini, asidi yake hufungua pete ya epoksidi (zao la aina ya propeni oksaidi) uliyoitafuta. Kwenye kazi ya oksimu, amonia inayotumika humo huyeyusha silika kidogo kidogo, na hasara hiyo hairudi. Mifereji iliyozibwa na masalia mazito ni habari nyingine: ukichoma tena kwa nyuzi 550, kwa kawaida hufunguka.