HandBrake kwa video za mtandaoni: uzoefu wangu

Kama video yako inacheza vizuri kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, lakini ukiiweka kwenye tovuti watu wanasikia sauti tu huku skrini ni nyeusi, pakua HandBrake, programu ya kubadilisha video kutoka aina moja kwenda nyingine. Ni ya bure kweli, ipo ya Windows, Mac na Linux, na haikubandikii nembo juu ya picha kama zile nyingi zinazojiita za bure.

Naitumia kwa masomo ya ushonaji ya dada yangu. Yeye hurekodi kwa iPhone, mimi napandisha kwenye tovuti. Malalamiko ya wanafunzi hayakufanana, na hapo ndipo palipochanganya: mmoja anaona kila kitu, mwenzake kwenye laptopu ya ofisini anasikia mkasi ukikata kitambaa, lakini haoni mkasi wala kitambaa. Wengi wakasingizia bando.

Tatizo lilikuwa kodeki, yaani njia ya kubana picha na sauti ambayo kivinjari lazima kiijue ili kuifungua. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi hurekodi kwa HEVC, yaani H.265, ili video isile nafasi. Sauti yake ni AAC, ambayo vivinjari vinaielewa. Picha ndiyo inayokwama. Chrome ilianza kuipokea HEVC mwaka 2022, tena kwa kutegemea chipu ya mashine husika. Kwa hiyo video kucheza kwenye VLC si ushahidi wa chochote, maana VLC ina kodeki zake yenyewe. Ila bonyeza Ctrl+J ukiwa humo, utaona kodeki ya picha na ya sauti. Herufi za .mp4 zisikudanganye: huo ni mfuko tu wa kubebea picha na sauti.

Kwenye HandBrake nachagua mpangilio wa “Fast 1080p30”. Inatoa MP4 yenye H.264, kodeki ya picha ya zamani kuliko HEVC, na AAC, na hiyo sijaona kivinjari cha mwanafunzi kilichoikataa. Halafu natia tiki kwenye “Web Optimized”. Kisanduku chenyewe kidogo, rahisi kukiruka, lakini kinahamishia mwanzoni ile orodha ambayo kivinjari huihitaji kabla ya kuanza kucheza. Bila hivyo hukaa mwishoni mwa faili, na mtu mwenye intaneti ya kusuasua anabaki kutazama kiduara kinazunguka.

Lawama ninazo. Kiwango cha ubora, RF (namba ikishuka, ubora unapanda), huwa 22 kwenye mpangilio huo, na kwa video ya mtu anayeongea kinatosha. Kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe hakitoshi: mishono inayeyukiana, na mwanafunzi amekuja kuona mishono. Nashusha hadi 19, picha inasafika, faili linanenepa. Na H.264 tayari hutaka nafasi zaidi kuliko HEVC kwa ubora uleule, basi nafasi unailipia mara mbili. Laptopu yangu kuukuu nayo hupiga feni usiku kucha. Nazipanga video kwenye foleni nikalale.

Pia HandBrake husimba picha upya, yaani huibana tena kutoka mwanzo, kila mara, hata pasipo haja. Mwalimu mwingine hurekodi skrini kwa OBS na kutuma faili za MKV, mfuko mwingine, ambazo ndani tayari ni H.264 na AAC. Hizo zinahitaji kubadilishiwa mfuko tu, kazi ya sekunde chache kwa FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, na ubora haupungui hata chembe:

ffmpeg -i somo.mkv -c copy -movflags +faststart somo.mp4

Anayeogopa kuandika amri atalazimika kusubiri HandBrake imalize.

Kwa wenye iPhone kuna njia fupi zaidi: kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, chagua “Most Compatible”, simu itarekodi H.264 moja kwa moja. Utakosa 4K ya fremu 60 kwa sekunde, ambayo somo la kutia zipu haliihitaji. Dada alijaribu, simu ikajaa katikati ya somo la kola, akarudisha HEVC siku hiyohiyo. Mimi nimebaki na foleni yangu ya usiku.